Mama kahamia kwangu flati ya juu, nataka roshani inukie maua na pahala pa kumtembeza, nisaidieni

BintiWete
Assalaam alaykum wapendwa, natumai Ramadhani yenda vizuri kwa wote. Nina jambo naomba ushauri mana nshafikiri peke yangu nimechoka. Mamangu nimemchukua kutoka Wete, Pemba, tangu mwezi wa kumi na mbili, miguu yamsumbua na kule alibaki peke yake. Mie nakaa Michenzani, mjini Unguja, flati ya ghorofa ya nne, na watoto watatu. Alhamdulillah anakula, dawa anameza, lakini si yule mama ninayemjua. Kwake uwani alikuwa na asumini mbili kubwa, mrihani mlangoni mwa jikoni na mlangilangi nyuma ya nyumba, na kila siku baada ya alasiri kazi yake ilikuwa kuchuma vitumba na kuvitunga, akiolewa mtu mtaani wanamjia yeye. Juzi nimemkuta kasimama roshani, namuuliza mama watazama nini, akanambia "hapa hapanukii kitu mwanangu." Neno hilo limenikaa mpaka leo.

Sasa masika yakaribia na watu wasema ndo wakati wa kupanda. Roshani yangu ndogo, viti viwili tu imejaa, jua laingia adhuhuri mpaka karibu na magharibi. Mwezi wa kwanza nlinunua mche wa asumini kwa muuza miche wa barabarani, nikautia kwenye ndoo, nikaumwagilia asubuhi na jioni kila siku sikukosa, majani yakawa njano yakapukutika, wiki ya tatu umekufa. Mama aliona yote hakusema kitu. Naogopa kununua mwengine ukafa tena mbele yake.

Kwahiyo naomba kujua, asumini inakaa kwenye ndoo au najidanganya? Na mlangilangi je? Halafu wapi naweza kumpeleka aone maua, mtu ambaye akitembea dakika kumi na tano anataka kukaa? Forodhani nshampeleka usiku, watu wengi mno na moshi wa mishikaki, alitaka kurudi.

asumini_ya_jioni
Wa alaykum salaam dada. Kabla sijasema kitu, ile ndoo uliitoboa chini? Na maji ya kumwagilia ni ya bomba au kisima?

BintiWete
Sikuitoboa, nliogopa maji yasimdondokee jirani wa chini. Maji ya tangi, yatoka kisimani, yana chumvichumvi kidogo.

asumini_ya_jioni
Basi usijilaumu, umeshapata jawabu lako hapo. Mche haukufa kwa kukosa huduma, umekufa kwa kuzama. Ndoo isiyotobolewa maji yakaa chini, mizizi yakosa hewa yaoza, majani yageuka njano, na mtu akiona njano adhani kiu azidi kumwagilia. Na juu ya hayo kila unapotia maji ya chumvi, maji yakauka chumvi yabaki kwenye udongo, yajilimbikiza tu mana haina pa kutokea.

Fanya hivi. Tafuta ndoo ya lita ishirini, toboa matundu matano sita kwa msumari wa moto, weka kokoto au vifuu vya nazi chini kidogo, juu udongo mweusi changanya na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri (ikiwa mbichi itaunguza) na mchanga kidogo, mchanga wa shamba sio wa pwani. Chini ya ndoo weka beseni la kukingia maji jirani asilalamike, lakini beseni hilo ulimwage kila siku usiache maji yakalala, mbu wa denge wanapenda maji ya namna hiyo na una watoto. Kumwagilia tia kidole kwenye udongo, ukiona pakavu kwa kiungo kimoja cha kidole ndo umwagilie, ukiona pana unyevu achana nao. Na masika haya kinga maji ya mvua, weka madumu, maji ya mvua hayana chumvi na yatauosha udongo wako.

Jua lako la mchana zuri kabisa, asumini bila jua itatoa majani matupu. Kitu kimoja wengi hawakijui, maua yatoka kwenye vitawi vipya, kwahiyo ikimaliza kuchanua uikate vichwa usiione huruma, ndo itachipua na kuleta vitumba tena. Mie yangu iko kwenye kopo kubwa la rangi mwaka wa sita huu.

KidichiKwetu
Mlangilangi usiupande roshani dada, ule ni mti, ukiuacha wapita paa la nyumba. Hata mashambani wanaukata kilele ili ubaki mfupi waweze kuchuma kwa mkono. Ila mlete mama huku kwetu asubuhi mapema, langilangi harufu yake ndo iko juu wakati ule, mwambie achague lililoshageuka njano mana la kijani bado halijanukia. Kuna mashamba ya viungo mengi Kidichi na Kizimbani, na yale mahamamu aliyoyajenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi yako hapohapo, mtakaa kivulini mpumzike. Ila njooni kabla mvua haijakolea, njia za ndani zateleza na mtu wa miguu mibovu ataanguka.

Mzee_wa_Baraza
Kijana wa Kidichi kasema vizuri lakini naomba nitofautiane nae kidogo. Huyu mama katoka Pemba, mlangilangi na mkarafuu kavikuta kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Ukimpeleka akatembezwa kama mgeni akaoneshwa huu mdalasini hii iliki, atakaa kimya kwa adabu. Soma tena aliyoandika binti yake. Mama alikuwa anachuma, anatunga, watu wanamjia. Amekosa maua na amekosa watu.

Mwanangu, mpitishe mitaa ya karibu, Miembeni, Kikwajuni, Kisiwandui, saa kumi na moja jua likishapoa, pale asumini ndo zaanza kufungua. Nyuma ya kuta nyingi utaona imepanda juu ya banda au mlangoni, na bugenvilia wakati huu wa jua kali imejaa, nyekundu na nyeupe. Mkifika pana asumini pigeni hodi, mwache mama aulizie mwenyewe. Sijaona bado mtu wa Unguja aliyeombwa vitumba viwili na mtu mzima akakataa. Siku ya tatu atakuwa anajua nyumba zote. Njia iwe hiyohiyo kila siku, ataona mwenyewe nini kimechanua na nini kimekwisha. Siku anayotaka kukaa muingizeni kwenye bajaji mpaka Bustani ya Jamhuri, kuna kivuli, lakini siku za Sikukuu msende huko, watoto wamejaa kuanzia Mnazi Mmoja.

MpembaLeicester
Hili limenigusa, mie wa Chake niko Uingereza miaka kumi na moja. Huku ndo mwisho wa baridi, mwezi wa pili yalitoka maua madogo meupe yanayoinamisha kichwa chini, sasa mwezi wa tatu ni dafodili, njano kila njia, vitunguu vyake wanavizika ardhini mwezi wa tisa na wa kumi vyalala huko kipindi chote cha baridi. Mwaka wa kwanza nlikuwa naona njia ya kazini tu. Mwenzangu kazini alinambia nunua kifungu dukani yakiwa bado yamefumba, weka ndani kwenye maji, siku mbili yamefunguka yote. Nikafanya, na tangu hapo kila mwaka mwezi huu nanunua (yakae peke yake mana utomvu wake wayaharibu maua mengine kwenye chombo kimoja). Hayanukii kama asumini, harufu yake ndogo sana. Lakini chumba chabadilika wallahi.

Nlilotaka kusema, usisubiri mche ukue. Nenda Darajani leo, nunua asumini za kuchumwa weka kwenye kisahani karibu na kitanda chake, mche uje nyuma.

ummu_salha
Naunga mkono wa Leicester. Na mrihani shoga usisahau, ule hauna shida, kata tawi tia kwenye glasi ya maji siku chache latoa mizizi, panda kwenye kopo la maziwa. Ukianza kutoa mashada ya maua uyachume vichwa, ukiyaacha majani yapungua na mti wazeeka haraka. Mrihani na asumini ukipata na waridi moja, mama kikuba cha Sikukuu anakifunga mwenyewe, mpe uzi na pini tu umuache. Asumini anunue ikiwa kitumba kilichovimba cheupe, iliyoshafunguka mchana usiku imekwisha. Ikibaki ifunge kwenye jani la mgomba bichi au kitambaa cha maji, itafika kesho.

BintiWete
Jamani nimesoma nimelia. Mzee wa Baraza umeniona ndani, mie nlikuwa nafikiria mche tu. Leo baada ya kazi napita Darajani.

BintiWete
Naleta habari, imepita wiki mbili. Ndoo mbili zimetobolewa, moja nimenunua mche mkubwa una matawi, ya pili mama mwenyewe kapanda vijiti alivyopewa na bibi mmoja wa Kikwajuni, kila kijiti urefu wa shibiri, kavizika vifundo viwili chini na majani ya chini kayatoa, kaviweka kivulini kasema nisiviguse mpaka vichipue. Mrihani umeshatoa mizizi kwenye glasi. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa Ijumaa na watoto wakakinga madumu matatu.

Mzee wangu, ile njia twaenda kila siku isipokuwa akiumwa na mguu. Sikukuu mosi walikuja wasichana watatu wa jengo letu, kumbe bibi wa Kikwajuni kawaambia. Mama kawafungia vikuba asumini zikamuishia, akanituma Darajani nikachukue nyengine, na kanitajia ya kuchagua na ya kuacha kama nlivyokuwa na miaka kumi.

asumini_ya_jioni
Mashaallah. Ule mche mkubwa usiuhamishe ndoo mpaka mvua zimalizike, na ukiona vidudu vyeupe chini ya majani futa kwa maji ya sabuni kidogo. Nisalimie mama.