NFS: faili lipo kwenye seva, mashine ya pili inang'ang'ania halipo

Bawaba:
Wakuu, naomba msaada. Nina mashine mbili za Linux zinazotumia saraka (folda) moja kwa NFS, yaani mfumo wa kushiriki mafaili kupitia mtandao. Ya kwanza inaandika matokeo, ya pili ina skripti inayochungulia kila sekunde kama faili limefika. Faili likishaandikwa, kwenye seva naliona, ila skripti inasema halipo karibu dakika nzima. Cha ajabu, nikiingia mwenyewe na kupiga `ls` kwenye saraka hiyo, skripti nayo inaliona papo hapo! Mtandao nimeupima, hauna shida.

MzeeWaSeva:
Maunti (unganisha saraka ya seva) na chaguo la `noac`. Kazi kwisha.

Kitasa:
Mzee, taratibu na hiyo. `noac` inazima kache (kumbukumbu ya muda) ya sifa za mafaili yote, kama ukubwa na saa ya kubadilishwa, na tena kila uandishi unasubiri seva ipokee. Mashine inayoandika sana itatambaa.

Bawaba, kinachokuumiza ni skripti kuuliza mapema. Ikiuliza jina ambalo bado halijaandikwa, kerneli (kiini cha Linux) inaweka kwenye kache kwamba jina hilo halipo. Ikiuliza tena haiendi kwa seva, inajijibu yenyewe. Jibu hilo linadumu mpaka klienti (mashine inayotumia seva) igundue kuwa saraka imebadilika, na usipogusa mipangilio, sifa za saraka hukaa kwenye kache kati ya sekunde 30 (`acdirmin`) na 60 (`acdirmax`). Dakika yako ndiyo hiyo. `ls` inaifungua saraka, na kuifungua kunailazimu klienti iulize seva sifa zake upya. Ikikuta zimebadilika, majibu ya zamani inayatupa.

Jaribu `lookupcache=positive`. Majina yaliyopo yatabaki kwenye kache, yasiyopo yataulizwa upya kila mara.

Ngamizi_Kongwe:
Kabla hujagusa kitu, thibitisha. Skripti ikiwa imekwama, kwa ruti (mtumiaji mkuu) piga `echo 2 > /proc/sys/vm/drop_caches` kwenye mashine ya pili. Faili likitokea hapo hapo, Kitasa amelenga. Ila usiigeuze kuwa dawa ya kila siku, maana inafuta kache za mfumo mzima.

Bawaba:
Limetokea hapo hapo. Nimefanya umount, nimemaunti na `lookupcache=positive`, sasa skripti inaliona ndani ya sekunde. Vipi nikitumia inotify, ile ya Linux inayotoa taarifa faili likibadilika, niache kuchungulia?

Kitasa:
Haitakusaidia. Inotify inaona yanayofanyika kwenye mashine yake tu, ya klienti mwingine haipati habari. Endelea kuchungulia, ila mwandishi aandike kwa jina la muda, akimaliza ndipo abadilishe jina. La sivyo siku moja utasoma faili nusu. Pia angalia `nfsstat -m` uone chaguo zilizoshika kweli, fstab (faili lenye orodha ya maunti) pekee usiiamini.

Pweza_wa_Data:
Nadandia uzi. Kwangu klienti ni Windows kwa SMB (njia yake ya kushiriki mafaili), ugonjwa kama huo huo ila hauzidi sekunde chache.

Ngamizi_Kongwe:
Huko tafuta `FileNotFoundCacheLifetime` kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio), chini ya LanmanWorkstation\Parameters. Kwa kawaida ni sekunde 5. Ukiweka 0 inazimika. Jirani yake, `DirectoryCacheLifetime`, ni sekunde 10.