Mrejesho: Paka mzee aliyefunga choo na kususa chakula

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu paka wangu wa miaka 14: anajikamua anatoa vigololi vikavu, chakula ananusa tu na kuondoka. Asanteni kwa majibu.

Daktari wa mifugo hapa Dodoma alimpapasa tumbo, akamvuta ngozi ya mgongoni, ikachelewa kurudi. Mwili umekauka maji. Akamwekea dripu chini ya ngozi, akatoa laktulosi ya kulainisha choo, akapima damu. Figo zimeanza kuchoka, na figo zikichoka maji yanapotea kwenye mkojo, choo kinakuwa kigumu.

Mliosema nimpige enema ya duka la dawa, yaani dawa ya maji ya kusukumwa njia ya haja kubwa, hapana jamani. Zile zenye fosfeti zinaweza kumuua paka.

Kazi ilikuwa kwenye kula. Dagaa wa chumvi nimeacha. Nachemsha perege wa Mtera bila chumvi wala kitunguu, natoa miiba yote, naponda, namwagia supu yake ikiwa vuguvugu juu ya chakula chake cha kopo, maana samaki peke yake hamtoshi. Mvuke ukipanda tu, mzee anakuja mwenyewe, sharubu mbele. Choo sasa kinatoka kilaini, bila kulia. Nimeambiwa akigoma kula siku nzima nisisubiri, nimrudishe; ini la paka huharibika upesi kwa njaa.

Na lile boga la kuchemsha mlilolisifia? Alilamba mara moja, akakung'uta mguu, akaenda zake. Nimelila mwenyewe na chai.