Mrejesho: IST ya mkononi Dar, nimeshaipata

Wakuu, salaam. Ni yule niliyeuliza mtu aliyehamia Dar kutoka Mbeya, asiye na fundi wala dalali anayemjua, atanunuaje Toyota IST ya mkononi (iliyokwishatumika) bila kupigwa. Asanteni sana mliochangia.

Kilichosaidia zaidi ni ule ushauri wa kutafuta fundi kwanza, gari baadaye, na fundi asiwe wa kuletwa na dalali. Nikampata Tabata kupitia mfanyakazi mwenzangu. Muuzaji naye unamwambia asiliwashe gari mpaka mfike, ili muone linavyowaka injini ikiwa baridi. La Kinondoni tulikuta boneti ishapata moto, yaani lilishawashwa, tukaaga. La Mbagala, namba D (herufi za usajili zinaanza na D), liliwaka asubuhi bila moshi, namba ya chesesi inalingana na kadi ya gari, na kadi ina jina la muuzaji mwenyewe. Kuangalia deni la polisi kwa namba ya gari, zikatoka faini mbili za 30,000. Akalipa tukiwa hapo hapo.

Kilichogoma ni bei. Mlisema nikae kimya dalali atajishusha, huyu wala! Nilipunguziwa laki tatu tu, zikaishia kwenye shokapu za mbele. AC bado haipozi vizuri, ila fundi alishanitahadharisha.

Aliyesema nibakize sehemu ya hela mpaka tubadili umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato), Mungu akubariki. Muuzaji alikuwa na "safari" kila nikimpigia, lakini kwa sababu ya hiyo hela alikuja. Kadi sasa ina jina langu.