Herfølge: bingwa wa Denmark 2000, kashuka daraja 2001, leo ni HB Køge. Taji liandikwe kwa nani?

MsomaMsimamo:
Habari wakuu. Naandaa ukurasa wa Kiswahili kuhusu Herfølge Boldklub, klabu ya mji mdogo ulio kusini kidogo ya Køge, kisiwa cha Sjælland. Kuanzishwa 1921, ubingwa wa ligi kuu 1999/2000: hapo sina tatizo. Nakwama sehemu tatu.

1. Taji la 2000 niliweke chini ya Herfølge au HB Køge? Kila tovuti inasema lake.
2. HB Køge inatokea ligi kuu 2009/10 bila kuonekana ikipanda daraja popote. Ilipitia wapi?
3. Bingwa wa 2000 anashukaje 2001? Walikatwa alama, au ni mpira tu?

Wenye kuijua soka ya Denmark naomba maelezo yenye miaka.

Kombe_la_Bati:
Mkuu, anza na muundo wa klabu za kule, la sivyo utazunguka hapohapo. Klabu ya Denmark kwa asili ni chama cha wanachama: ada, mkutano mkuu wa mwaka, halmashauri ya kuchaguliwa, timu za watoto mpaka za wazee. Mpira wa kulipwa uliruhusiwa 1978 tu. Kuanzia hapo klabu nyingi ziliwahamishia wachezaji wa mkataba kwenye kampuni, huku chama kikibaki na wanachama wake na timu za ridhaa. Kwa hiyo ukikutana na habari kwamba klabu fulani imefilisika, uliza kwanza: ni chama au ni kampuni? Kampuni ikifa, mikataba ya wachezaji wa timu ya kwanza inakufa nayo, lakini watoto wa chini ya miaka 10 Jumamosi wako uwanjani kama kawaida.

Sasa swali la pili linajijibu. Køge BK, klabu ya mji wenyewe wa Køge iliyoanzishwa 1927, ilifilisika mwanzoni mwa 2009. Jirani yake Herfølge msimu huohuo wa 2008/09 alikuwa daraja la pili na akapata nafasi ya kupanda. Katikati ya 2009 pande mbili zikaunganishwa, jina jipya likawa HB Køge, na timu ikaingia ligi kuu kwa tiketi ambayo Herfølge aliikata uwanjani. Kwenye jedwali lako andika hivi: 2008/09 Herfølge, amepanda, 2009/10 HB Køge, ligi kuu, ameshuka. Ukiandika "HB Køge alipanda 2009" utakuwa umebuni msimu ambao haukuwepo.

Kuhusu taji, kipimo kizuri ni FC København. Iliundwa 1992 na KB yenye mataji 15 na B 1903 yenye mataji 7, ila haijihesabii hata moja kati ya hayo 22. Inahesabu yake tu. Fuata njia hiyohiyo: 2000 ni ya Herfølge, 1954 na 1975 ni ya Køge BK, na timu ya wanaume ya HB Køge haina ubingwa wa ligi kuu. Weka safu ya pembeni, "mataji ya klabu mama", uyaandike matatu hayo na jina la aliyeyatwaa. Kuyajumlisha kimyakimya kuwa "HB Køge, mara 3" ni kupotosha, hata kama mashabiki wao watafurahi.

KonaFupi:
Hapo kwenye swali la tatu: hakuna alama zilizokatwa. Ni mpira, na zaidi ni hesabu ya ligi yenyewe.

Kuanzia 1995/96 ligi kuu ilikuwa na timu 12, kila mbili zikikutana mara tatu. Wapinzani 11 mara 3 ni mechi 33, alama za juu kabisa 99. Mara tatu maana yake ratiba haigawanyiki sawa: kuna wanaopata mechi 17 za nyumbani na wengine 16. Mwisho wa msimu wawili wa chini wanashuka moja kwa moja. Wawili kati ya 12 ni sehemu ya sita ya ligi nzima, kwa hiyo umbali kati ya nafasi ya nne na shimoni ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye karatasi.

Msimu wa 1999/2000 vigogo walijikwaa kwa pamoja. AaB walikuwa mabingwa watetezi wakashindwa kulitetea, FC København wakapotelea katikati ya msimamo, Brøndby wakawa wa pili. Herfølge alitwaa ubingwa bila kufikisha alama 60 kati ya zile 99. Huyo si bingwa aliyewaacha wenzake mbali, ni timu imara iliyokusanya alama wakati wengine wanazidondosha. Watu husimulia msimu ule kama muujiza. Mimi naona ligi iliyobanana, na mmoja akawa wa mwisho kuteleza.

Kocha alikuwa John Jensen, yule aliyefunga bao la kwanza kwenye fainali ya Ulaya 1992 Denmark ilipoifunga Ujerumani 2-0. Alikuja 1999 akitokea Brøndby, akawa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja.

Kisha angalia kalenda. Agosti 2000 Herfølge anakutana na Rangers ya Scotland kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa, anafungwa 3-0 nyumbani na 3-0 ugenini. Mechi hizo zinaangukia wiki za mwanzo za ligi, na kikosi cha mji mdogo hakina wachezaji wa kutosha wa kubadilishana. Kule juu FC København ya Roy Hodgson inaamka na kuchukua taji. Mei hadi Juni 2001 Herfølge anashuka pamoja na timu ya Haderslev, hiyo tunayoijua kama SønderjyskE. Bingwa kushuka msimu unaofuata si jambo la Denmark peke yake: Manchester City bingwa 1937 akashuka 1938, Nürnberg bingwa 1968 akashuka 1969.

Na usiishie 2001. Herfølge alirudi ligi kuu 2003/04, akashuka tena mwisho wa 2004/05.

Mtunza_Nyaraka:
Nyongeza kuhusu mitego ya kutafuta, maana hapa ndipo kurasa nyingi zinaharibika.

Majina ya madaraja. Kabla ya 1991 ligi ya juu iliitwa "1. division". Ilipoanzishwa Superliga 1991, "1. division" ikawa daraja la pili. Kwa hiyo Køge bingwa wa "1. division" 1975 ni bingwa wa Denmark, ila ukiona "1. division" 2009 hiyo ni ngazi ya chini yake. Nimeona ukurasa umeandika taji la 1975 kama la daraja la pili. Ni kosa.

Misimu. Ubingwa wa Køge wa 1954 ni wa msimu wa 1953/54, kutoka vuli hadi majira ya joto. Msimu wa 1956/57 ulirefushwa, na kuanzia 1958 ligi ikafuata mwaka wa kalenda. Hivyo 1975 iandike bila mkwaju (alama ya /). 1991 ilichezwa nusu mwaka, kisha mkwaju ukarudi. Na hiyo 1954 ipe mstari wake: Køge ndiyo klabu ya kwanza kutoka nje ya jiji la Copenhagen kuwa bingwa wa nchi.

Wadhamini. Msimu wa 1999/2000 ligi iliitwa Faxe Kondi Ligaen, kwa jina la soda iliyoidhamini. Na "Faxe" ndilo jina la utani la John Jensen. Ukitafuta "Faxe Herfølge" utapata ligi, soda na kocha kwa mpigo. Ongeza neno "træner", yaani kocha, matokeo yatapungua.

Herufi. Tafuta kwa ø na pia kwa o na oe, kwa sababu hifadhi za nje huandika Herfolge au Herfoelge. Magazeti ya kabla ya 1948 yanatumia aa badala ya å. Kwenye orodha za alfabeti, æ, ø na å huja baada ya z. Magazeti yenye zaidi ya miaka 100 yanasomeka bure kwenye Mediestream ya maktaba ya kifalme; mapya zaidi yana masharti.

MsomaMsimamo:
Asanteni sana. Nimetenganisha mataji kama mlivyosema. Swali dogo: wanawake wa HB Køge niwaweke wapi?

Kombe_la_Bati:
Hao waweke chini ya HB Køge moja kwa moja, hakuna klabu mama ya kugombania nao. Wamekuwa mabingwa 2021, 2022 na 2023. Taji la kwanza lilivunja mazoea ya Brøndby na Fortuna Hjørring kupokezana kwa miaka mingi, na likawapeleka hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa 2021/22 pamoja na Barcelona, Arsenal na Hoffenheim. Ila kwenye kichwa cha jedwali andika "wanawake" waziwazi, msomaji asidhani ni mataji ya ile timu ya wanaume iliyoshuka 2010, ikapanda 2011 na kushuka tena 2012.