Forester ya turbo, Harrier tako la nyani au Mark X: gari ya ndoto ukishaipata inakuwa kama ulivyotarajia?

Mdau_wa_Madale
Wakuu heshima zenu. Nimejichanga muda mrefu sasa nimefika mahali naweza kununua gari ya maana, bajeti isizidi milioni 40 gari ikiwa barabarani na namba yake. Kichwani kwangu tangu niko sekondari kuna gari moja tu, Subaru Forester XT, yaani ya turbo, ile SH5 ya 2008 mpaka 2012 yenye lile tundu la hewa juu ya boneti. Ule muungurumo ukipita mtaani lazima nigeuke. Wife anataka Toyota Harrier 2.4, ile watu wanaiita tako la nyani, anasema ni ya familia na hatutahangaika na mafundi. Mdogo wangu yeye anasema Toyota Mark X 2.5, pesa inabaki na gari ina nguvu.

Matumizi yangu ni Madale mpaka Posta kila siku ya kazi, foleni mnaijua wenyewe, na Desemba lazima tupande Rombo na watoto. Sitaki kuambiwa bei tu. Naomba waliopata gari ya ndoto zao waseme ukweli, ukishakaa nayo mwaka ile raha bado ipo au inabaki kuwa gari kama gari zingine?

Chuma_cha_Korogwe
Chukua Harrier. Spea zipo mpaka Mwanga na siku ukitaka kuuza simu haitulii. Sina cha kuongeza.

BoksaDamu
Mkuu Madale mimi ninayo hiyo hiyo SH5 XT kwa hiyo nakujibu kama mwenye nayo. Swali lako la raha, jibu ni ndiyo, ipo, na inazidi nilivyokuwa nafikiria. Natoka Dar kwenda Mbeya, ukifika Kitonga malori yamepangana unasubiri nafasi, ikipatikana unakanyaga turbo inashika na umepita salama umerudi upande wako, gari haijayumba. Mvua ikinyesha ndio unajua kwa nini watu wanaipenda, matairi yote manne yanavuta muda wote na injini imelala chini kwa hiyo kona unaikata gari imetulia. Ina nguvu za farasi 230 ndani ya gari ambayo kwa nje watu wanaiona ya kupeleka watoto shule.

Kitu ambacho huwezi kukiona ukiwa unaiota ni hizi siku za kawaida. Nikiwa mdogo nilikuwa nawaza Kitonga, sikuwa nawaza Jumatatu asubuhi Mwenge gari imesimama. Kwenye foleni inakula kilomita 6 au 7 kwa lita, safari ndefu ukiendesha kwa adabu inafika 10 na kitu. EWURA wakitangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi mimi huwa nasoma neno kwa neno. Afu kuna matairi, hii wengi hawaijui: Subaru hutakiwi kubadilisha mawili mawili kama tulivyozoea, yote manne yawe saizi moja na yameisha sawasawa, yakitofautiana unachosha mfumo wa kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kwa hiyo siku ya matairi ni siku ya matairi manne.

Oili napima mwenyewe kila wikiendi, siachi mpaka taa iwake. Kama wewe ni mtu wa kuwasha na kuondoka tu basi hii ndoto itakuumiza, ila kama unapenda kufungua boneti utafurahi sana.

Kijana_wa_X
Mimi nina Mark X, GRX130, na ilikuwa ndoto yangu kabisa tangu chuo. Niseme kwanza uzuri wake. V6 ya 2.5 ile ni laini, ikizunguka inatoa sauti tamu, inasukuma matairi ya nyuma, ndani kumetulia na kiti kinakukumbatia, barabara ya lami nzuri hakuna gari ya bei hiyo itakupa raha ile.

Shida ni kwamba ndoto yangu mimi ilikuwa spidi na hiyo spidi sina pa kuitumia. Dar mpaka Moshi vijiji vimefuatana, kila kijiji 50, tochi za trafiki za kupima spidi zimejificha kuanzia Chalinze, Mkata, Same huko, ukikamatwa elfu 30 na ukikamatwa mara tatu kwenye safari moja umelipa hela ya wese. Kwa hiyo gari yenye uwezo wa 180 unaendesha 50 na 80 nyuma ya basi. Na we unaenda Rombo, hiyo lami ikiisha uingie njia ya nyumbani kipindi cha mvua, gari ya kusukuma nyuma iliyoinama vile utasukumwa na vijana wa kijijini. Forester iko juu karibu sentimita 22, hii yangu kama 15 hivi. Matuta ya mtaani nayapita kwa ubavu ubavu.

Bado naipenda sana. Ila kwa watoto na Rombo, hapana mkuu, usimsikilize mdogo wako.

Wakala_Bandarini
Wadau mnaongea utamu tu, tuangalie na hesabu za ushuru maana ndio zinakula ndoto za watu. TRA, mamlaka ya mapato, hawaangalii ulinunua bei gani Japani, wana thamani zao, ingia kwenye kikokotoo chao uweke modeli na mwaka kabla hujatuma hela popote. Ushuru wa bidhaa unaenda na cc, yaani ukubwa wa injini, kati ya 1000 na 2000 ni asilimia 5, ikizidi 2000 ni asilimia 10. Forester SH5 ni cc 1994 kwa hiyo iko kwenye 5. Harrier 2.4 na Mark X 2.5 zote ziko kwenye 10. Juu ya hapo kuna ushuru wa uchakavu, miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, zaidi ya 10 asilimia 30, na hiyo Forester na hiyo Harrier zimeshavuka 10, Mark X inategemea mwaka wake. Halafu VAT 18 inakuja mwisho juu ya mkusanyiko wote huo, sio juu ya bei ya gari tu.

Kingine, ukiagiza dai karatasi ya mnada wa Japani. Alama ya 4 au 4.5 ni gari nzuri, 3.5 ina michubuko ya kuvumilika, ukiona R au RA ujue ilishapata ajali ikatengenezwa. Muuzaji akikwambia karatasi imepotea, na wewe potea.

Jamaa_wa_Kasarani
Niko Nairobi, hapa Subaru ni dini haha. Wazee wetu walitupeleka kuona Safari Rally, na mwaka wa 1993 Patrick Njiru akamaliza nafasi ya 12 na kale ka Subaru Vivio, gari ndogo hivyo kwa Safari! Halafu dereva Colin McRae akashinda na Subaru Impreza 1997, Richard Burns naye 2000. Kijana aliyeona hayo akiwa mdogo unamwambiaje anunue kitu kingine? Ndoto ilipandwa pale kando ya barabara kwa vumbi.

Kwa hivyo naelewa kabisa vile Madale anasikia. Huku kwetu gari ikipita miaka 8 hairuhusiwi kuingia, so SH5 tunauziana wenyewe kwa wenyewe, na hapo ndipo unaona tofauti. Ile imekaa na mtu mmoja ameitunza bado iko sawa kabisa, ile imepita kwa vijana watano kila mmoja ameongeza presha ya turbo na kubadilisha ekzosi, hiyo imekwisha hata kama rangi inang'aa. Ukipata stock, yaani iko vile ilitoka kiwandani, nunua, imeguswa wacha. Ile sauti ya duf duf ya ekzosi iliyobadilishwa isikuvute, mara nyingi ndio dalili ya gari iliyoteswa.

Dada_wa_Tukuyu
Naomba nichangie ingawa yangu haimo kwenye orodha. Mimi ndoto yangu ilikuwa Prado, tangu niko mdogo nikiona yale magari ya miradi yanapanda kijijini kwetu mvua inanyesha na hayakwami. Nilikuja kuipata ukubwani, Prado ya 2.7 petroli, ile 120. Sio gari ya mbio na wenye haraka wataisema vibaya, injini ile kwa mwili ule ni lazima uwe mvumilivu kwenye mlima na mafuta inakunywa. Ila mimi sikuiota kwa ajili ya mbio. Siku ya kwanza nimepanda nayo kwa mama yangu mwezi wa nne, matope yale yale, nimefika mpaka mlangoni, nilishuka nikakaa kwanza nje nikaiangalia. Na mpaka leo nikipanda ile njia nasikia vile vile.

Kaka Madale jiulize unachokiota kwenye hiyo Subaru ni nini hasa. Kama ni sauti na kuonekana, mwaka mmoja unatosha kuzoea. Kama ni namna inavyoendeshwa, mtakaa pamoja sana. Na mwambie wifi yetu aiendeshe kabla hamjanunua, maana hiyo gari ni ya nyumba nzima na mtu akinuna kila akipanda hata wewe hutaifurahia.

FundiGerezani
Mimi nafungua hizi gari kila siku niwaambie vitu vya chini ya boneti.

Harrier 2.4 ina injini 2AZ, inatumia cheni, fundi yeyote anaijua. Ila msidanganyane kwamba haina ugonjwa, kuna miaka hiyo injini inakula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, Marekani Toyota walifikia kuongeza waranti kwa Camry za 2007 mpaka 2009 zenye injini hiyo. Ukienda kununua mwambie mtu akae nyuma aangalie moshi. Mark X ni D4, petroli inamwagwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta, zinashika masizi, na wese chafu inaua pampu na nozeli ambazo sio za bei ya kawaida.

Forester XT ni EJ20 turbo, inatumia taimingi belti. Belti ile ibadilishwe kwenye kilomita laki moja na ukiibadilisha weka na pampu ya maji na vile vigurudumu, usiweke belti peke yake. Ikikatika valvu zinagonga pistoni hapo tunaongea injini nzima. Kuna bolti inayopeleka oili kwenye turbo, ndani yake kuna kawavu kadogo ka kuchuja, oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa kanaziba na turbo inakufa kwa kiu. Watu wanasema turbo za Subaru mbovu, turbo ilinyimwa oili hiyo. Plagi zake ziko ubavuni zimejificha, usimpe fundi ambaye hajawahi kuzitoa.

Kwa hiyo mimi kwa mtu mwenye milioni 40 namwambia atafute gari ya 32 au 33, hiyo iliyobaki asiiguse, hiyo ni belti, matairi manne, oili, bushi na shokapu za mwanzo. Wengi gari za ndoto zinawashinda hapa, wamemaliza hela yote kwenye kununua, gari inataka sevisi ya kwanza hawana, wanaiendesha hivyo hivyo, miezi michache imekufa wanasema Subaru haifai.

Chuma_cha_Korogwe
Fundi umeeleza vizuri lakini ndio umezidi kunithibitishia, hayo yote ya nini wakati Harrier ipo.

BoksaDamu
@Chuma_cha_Korogwe kwa sababu mtu ameitaka miaka yote hiyo. Ukimpa Harrier ataiendesha vizuri tu, afu kila Forester ikimpita anageuka. Hiyo nayo ni gharama.

Mdau_wa_Madale
Nawashukuru sana wote, nimejifunza vitu ambavyo pale yadi hakuna aliyeniambia. Mark X nimeitoa. Dada wa Tukuyu swali lako nimelala nalo, na jibu ni uendeshaji, niliwahi kuendesha ya rafiki yangu Bagamoyo na kurudi sijasahau mpaka leo. Sasa kuna wazo limenijia, vipi nikichukua SH5 hiyo hiyo ila isiyo na turbo? Umbo ni lile, juu vile vile, mafuta kidogo, na wife atakubali haraka.

FundiGerezani
Hiyo ni akili. Tena ukipata iliyotoka kiwandani kuanzia mwishoni mwa 2010 injini yake ni FB20, ya cheni, habari ya belti unaisahau.

BoksaDamu
Mimi napinga. Ile ina nguvu za farasi 148 na gia nne, ukiwa na watoto na mizigo ya Desemba unapanda mlima utaitafuta turbo mguuni huioni. Kama unaitaka XT subiri miezi kadhaa uongeze ile akiba aliyoisema fundi, afu nunua XT. Ndoto ya nusu inakusumbua zaidi kuliko kukosa kabisa.

Dada_wa_Tukuyu
Sio kila mtu BoksaDamu. Mimi ya 2.7 ndio ya chini kwenye Prado na nimeridhika nayo. Aziendeshe zote mbili, tena aziendeshe kwenye foleni ya Madale asubuhi, sio Bagamoyo Jumapili barabara tupu.

Mdau_wa_Madale
Sawa nitafanya hivyo. Kuna XT moja Tegeta na isiyo turbo moja Kinondoni, Jumamosi nitaenda na wife tuziendeshe zote, nimemwambia na yeye ashike usukani. Fundi, niangalie nini kabla sijaita mtaalamu?

FundiGerezani
Nenda asubuhi na mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika, injini iwe ya baridi kabisa. Gusa boneti kwanza, ikiwa ya moto ujue imewashwa kuficha kitu. Ikiwaka sikiliza, mgongano mzito kama nyundo kutoka chini ondoka hapo hapo. Angalia moshi wa bluu nyuma. Ikishapata moto fungua boneti uchungulie kile kichupa cha akiba ya maji, usifungue mfuniko wa rejeta, mapovu yakitoka mfululizo kuna tatizo la gasketi. Kwenye XT tafuta kistika cha Kijapani chumba cha injini, mafundi wa kule wakibadilisha belti wanaandika kilomita, ulinganishe na zilizopo kwenye dashibodi. Matairi yote manne soma saizi na chapa. Halafu uendeshe vioo vimefungwa na redio imezimwa, mvumo unaozidi kadiri unavyoongeza mwendo mara nyingi ni beringi za magurudumu. Ukimaliza hayo nipigie picha ya injini uweke hapa.