Skrambla ya CG150 inakata fyuzi ya 15A barabarani, ikisimama gereji haikati

Skrambla150

Wakuu, habari za jioni. Pikipiki ni ya Kichina, injini ya 150cc ya mfumo wa CG (muundo wa Honda CG), imegeuzwa skrambla, yaani pikipiki ya mtindo wa njia mbovu. Mkia umekatwa na kuchomelewa kipinde cha bomba, fremu imepigwa rangi ya unga ya kuoka, siti ni fupi na madigadi ya nyuma ni fupi pia. Taa kubwa ni H4 60/55W na inatumia umeme wa betri. Kuna taa mbili za spoti za LED, kila moja 20W, honi ya tarumbeta mbili, chaja ya USB, balbu ya nyuma ya 5/21W na indiketa nne za LED. Fyuzi ni moja tu, bapa ya 15A, pembeni ya betri.

Ikiwa kwenye stendi kubwa inaunguruma hata nusu saa na taa zote bila tatizo. Ikitoka barabarani inakata, hasa kwenye matuta na abiria akiwa amepanda. Fundi alitoa betri, akapima waya mweusi kwenda ethi (fremu, iliyounganishwa na hasi ya betri), multimita ikasoma chini ya ohm 1, akasema shoti iko kila mahali. Ushauri wake ni kuweka fyuzi ya 30A. Jambo jingine: indiketa ya kushoto ikiwashwa, zote nne zinawaka. Naanzia wapi?

Mbezi_Boda

Weka ya 20A ikufikishe nyumbani, ukishafika ndiyo utafute kwa utulivu.

WayaMweusi

Mkuu Mbezi, hapana. Wayaringi ya pikipiki hizi nyuzi zake nyingi ni nyembamba, 0.5 hadi 0.75 mm². Fyuzi kazi yake ni kuungua kabla ya waya. Ukiweka ya 30A, au ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kitakachoungua ni waya uliofungwa na wenzake chini ya tangi la petroli.

Skrambla150, kwanza tuondoe hicho kipimo cha ohm. Balbu ya 21W ikiwa ya baridi haifiki hata ohm 1, na H4 iko chini zaidi, kwa hiyo multimita ilikuwa inasoma balbu zako. Ukitaka kupima hivyo, toa balbu zote, chomoa USB, honi na spoti. Hata hapo kipimo hakikusaidii sana, kwa sababu shoti yako inakuja na kuondoka.

Sasa tupige hesabu tujue ni mzigo (umeme unaoliwa na vifaa) au ni shoti. Gawanya wati kwa 12: taa kubwa 60W ni 5A, spoti mbili 3.3A, taa ya nyuma 0.4A, breki 1.75A, USB karibu 1A. Jumla kama 11.5A. Honi za tarumbeta mbili zinaweza kula 8A, ukipiga unafika 19.5A, yaani asilimia 130 ya fyuzi. Fyuzi bapa ikibebeshwa asilimia 135 inaweza kuvumilia hata dakika 10 kabla ya kukatika. Honi ya sekunde mbili si rahisi iwe ndiyo inayoikata. Mzigo wako umekaribia ukingo, na hilo tutalirekebisha, ila aliyekukata barabarani ni shoti.

Angalia pia fyuzi zilizokufa. Ukiona plastiki imepigwa weusi ndani na chuma kimeruka vipande, ni shoti. Kama chuma kimeyeyuka taratibu katikati bila masizi, ni mzigo. Kama miguu ya fyuzi ndiyo iliyobabuka, tatizo ni kishikizo chake kulegea.

FundiKoili

Naongezea njia ya kuikamata bila kumaliza pakiti ya fyuzi. Chukua balbu ya 12V 21W, unganisha nyaya mbili, uziweke mahali pa fyuzi. Hata shoti ikitokea, kinachopita hakizidi 1.75A na hakuna kitakachoungua. Balbu ikiwaka kwa nguvu yake yote, umeme unakwenda ethi moja kwa moja. Ikiwaka kwa unyonge, ni mzigo wa kawaida. Chomoa taa kubwa, spoti na honi kabla ya kuanza, la sivyo balbu itawaka kwa sababu yao na utadanganyika.

Washa ufunguo, usiwashe injini. Zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, huku ukiitazama balbu. Halafu finya nyaya za shingo ya fremu kwa vidole, zile zinazopita ndani ya usukani, na zile zilizo chini ya tangi. Washa indiketa, piga honi, kamata breki ya mbele, kanyaga ya nyuma, moja baada ya nyingine. Mwisho, toa stendi, mtu mzito akae siti ya nyuma arukeruke, na urudie yote hayo akiwa juu.

Hatua hii ya mwisho ndiyo ya kwako. Stendi kubwa inainua gurudumu la nyuma, shokapu zinanyooka, waya unakaa mbali na kila kitu. Abiria akikaa, tairi inapanda kwenye kipinde.

Zingatia pia balbu inawaka wakati gani. Rangi za CG zinafuata mtindo wa Honda: nyekundu inatoka betri, nyeusi ina umeme ufunguo ukiwashwa, kijani ni ethi, kahawia ni taa ya nyuma, kijani chenye mstari wa njano ni taa ya breki. Weusi ukigusa fremu, balbu inawaka ufunguo ukiwa umewashwa tu, hata bila kugusa kitu kingine. Kijani-njano uko baada ya swichi ya breki, kwa hiyo hauna umeme mpaka ukamate breki. Dalili zako za matuta (watu hukamata breki kwenye matuta) zinanielekeza huko.

Indiketa ni jambo tofauti, halina uhusiano na fyuzi. Dashibodi yako ina taa moja ya indiketa, na imeunganishwa kati ya kushoto na kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye taa hiyo unaingia upande wa kulia na kutafuta ethi kupitia indiketa za huko. Balbu za zamani hazikushtuka na umeme mdogo namna hiyo, LED zinawaka. Nunua dayodi mbili za 1N4007 (dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu). Mwisho usio na mstari wa dayodi moja unaungwa kwenye waya wa rangi ya chungwa, wa dayodi ya pili kwenye samawati. Miisho yenye mstari inaunganishwa pamoja na kwenda mguu mmoja wa taa ya dashibodi. Mguu wa pili wa taa unapelekwa ethi. Kama taa yenyewe ni ya LED, chunga plasi na hasi yake.

Skrambla150

Nashukuru sana wakuu. Balbu ya 21W imesema kweli: usukani hakuna kitu, honi hakuna kitu. Breki ikikamatwa bila mtu, balbu inawaka kwa unyonge. Breki ikikamatwa na mtu wa kilo 80 nyuma, inawaka kabisa. Kijani-njano umepita chini ya kipinde, umekaa juu ya ukingo wa uchomeleaji, na mpira umeliwa kama sentimita 2.

Nikiwa hapo nikapima betri injini ikiwa inanguruma kwa kasi: 15.7V. Ni sawa hiyo?

FundiKoili

Huo waya usiuzungushie solotepu ukauacha palepale. Kata sehemu iliyoliwa, unga kipande kipya cha 0.75 mm² kwa terminali ya kubana, funika kwa mpira unaonywea kwa joto, kisha uhamishe njia: upite juu ya bomba, ndani ya mrija wa plastiki, ufungwe kila sentimita 10. Ukingo wa uchomeleaji upigwe jiwe mpaka uwe laini. Mahali waya unapopenya bati, weka raba ya tundu. Na siku fundi wa kuchomelea atakaporudi kwenye fremu hiyo, chomoa nyaya zote mbili za betri, CDI (kisanduku cha kuwasha plagi) na regyuleta (kidhibiti cha chaji ya betri) kabla hajagusa.

Kuhusu mzigo, gawa fyuzi. Kuu iwe 20A, na waya wa kutoka betri hadi kwenye fyuzi ndogo ubadilishwe uwe 2.5 mm². Taa kubwa ipewe 10A yake, spoti 5A, honi 15A kwa waya wa 1.5 mm², na breki, indiketa na USB zishirikiane 7.5A. Honi na taa kubwa zipitie relei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo), miguu yake ina namba: 30 inapokea umeme kutoka fyuzi, 87 inakwenda kwenye kifaa, 86 inapokea waya wa swichi, 85 inakwenda ethi. Swichi ya usukani haikutengenezwa kubeba 8A ya tarumbeta.

WayaMweusi

15.7V ni nyingi. Inatakiwa iwe kati ya 13.5 na 14.8V. Ukiendelea hivyo betri itachemka maji yake na H4 zitakufa moja baada ya nyingine.

Usikimbilie kununua regyuleta. Umesema fremu ina rangi ya kuoka, na rangi hiyo haipitishi umeme. Regyuleta ya nyaya nne za CG hupima volti kati ya nyekundu na kijani chake. Kijani kikiwa na ethi mbovu, inaona volti chache kuliko zilizopo na inaendelea kusukuma. Injini ikiwa kwenye mizunguko kama 4,000, weka multimita kwenye volti za DC, hasi yake kwenye hasi ya betri, plasi yake kwenye waya wa kijani ndani ya soketi ya regyuleta. Ikisoma zaidi ya 0.2V, kwangua rangi mpaka chuma king'ae chini ya boliti ya ethi, au bora zaidi uvute waya wa 1.5 mm² kutoka kijani hicho hadi hasi ya betri. Kama yako ina pia waya mweusi wa kupimia, linganisha volti za huo mweusi na za plasi ya betri: ukiwa chini kwa volti nzima, kagua swichi ya ufunguo, migusano yake imechoka.

Ukifanya hayo na bado inasoma zaidi ya 15V, hapo ndiyo ununue regyuleta.