Mada: Simu zetu za nyumbani na sheria za Marekani – zinamlinda nani?

Kutoka Minnesota

Shikamooni wakubwa wa jumuiya, na wenzangu nawasalimu.

Ninasoma hapa kwa viza ya mwanafunzi. Kila wiki humpigia simu mama aliyeko Kondoa, na mara kwa mara humtumia fedha za dawa na za pembejeo. Katika kikao chetu cha Watanzania wa hapa ulizuka mjadala ambao haukupata jibu: wengine walisema serikali ya Marekani huhifadhi orodha ya kila simu inayopigwa kwenda nje, wengine wakasisitiza kwamba mambo hayo yalikomeshwa na Bunge lao enzi za Obama. Naomba wanaofahamu sheria watufafanulie hali ilivyo sasa, hasa kama mama yangu naye analindwa na marekebisho hayo au la.

Kutoka Dodoma

Marahaba mwanangu, na wanajumuiya wote poleni na majukumu.

Pande zote mbili za mjadala wenu zina sehemu ya ukweli. Jibu la swali lako la mwisho ndilo zito zaidi, nalo ni kwamba mama yako hayumo. Nalisema mapema kwa sababu wengi wetu tulisikia kwamba sheria imerekebishwa, tukaamini kwamba imerekebishwa kwa ajili ya kila anayeshika simu.

Tarehe 5 Juni 2013 gazeti la The Guardian lilichapisha amri ya siri ya mahakama, iliyotokana na nyaraka zilizotolewa na Edward Snowden, mtaalamu wa kompyuta aliyevujisha siri za ujasusi wa Marekani, ikiitaka kampuni mojawapo ya kundi la simu la Verizon ilikabidhi Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, yaani NSA, kila siku, rekodi za simu za wateja wake: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa na muda wa maongezi. Maneno yaliyozungumzwa hayakuwemo. Amri hiyo ilitaja bayana simu za ndani ya Marekani na pia zile za kati ya Marekani na nchi za nje, kwa hiyo Mtanzania aliyepiga Dodoma kupitia mtandao huo aliingia katika orodha bila kutuhumiwa kwa lolote. Serikali iliegemea kifungu cha 215 cha sheria ya Patriot, sheria ya kupambana na ugaidi ya Oktoba 2001, na ilidai kwamba rekodi za watu wote zina uhusiano na uchunguzi wa ugaidi kwa kuwa huenda za magaidi zimo ndani yake.

Wabunge hawakukaa kimya. Julai 2013 Justin Amash wa Republican na John Conyers wa Democrat, wote wa jimbo la Michigan, walipeleka pendekezo la kuinyima fedha kazi hiyo, nalo likashindwa kwa kura 217 dhidi ya 205. Januari 2014 bodi huru ya kusimamia faragha na haki za raia ilitoa maoni kwamba ukusanyaji huo haukuwa na msingi wa kutosha katika sheria, na Mei 2015 Mahakama ya Rufani yenye makao New York ikatamka hivyo hivyo. Hatimaye tarehe 2 Juni 2015 Seneti ilipitisha sheria ya marekebisho iitwayo USA FREEDOM Act kwa kura 67 dhidi ya 32, na Rais Obama akaitia saini siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo ninapoomba tusome kwa makini, kwa kuwa sheria hiyo haikufuta rekodi. Ilizihamisha kutoka ghala la serikali na kuziacha mikononi mwa kampuni za simu, kisha ikaitaka serikali ipeleke mahakamani namba mahususi na sababu ya kuishuku kabla ya kupewa chochote. Ikikubaliwa, ilipewa rekodi za waliowasiliana na namba hiyo, na za waliowasiliana na hao pia. Ukitazama takwimu za serikali yenyewe utaona jinsi mlango mwembamba ulivyoweza kupitisha mzigo mkubwa: mwaka 2016 walengwa walikuwa 42 na rekodi zilizokusanywa zilizidi milioni 151, na mwaka 2017 walengwa 40 walizalisha rekodi zaidi ya milioni 534. Mwaka 2018 NSA ilitangaza kwamba inafuta rekodi zote ilizokusanya chini ya utaratibu huo mpya, kwa sababu ilikuwa imepokea nyingine ambazo haikuwa na mamlaka ya kuzipokea. Mwaka uliofuata ilisimamisha kazi hiyo kabisa, na Machi 2020 kifungu chenyewe cha 215 kikafikia ukomo bila kuhuishwa. Bodi niliyoitaja ilieleza kwamba utaratibu huo uligharimu takriban dola milioni 100 na kuzaa uchunguzi mmoja tu wenye uzito. Kwa maana hiyo, waliowaambia kwamba ghala lile halipo tena walisema kweli.

Kuna kesi moja ambayo kila anayetuma fedha Afrika Mashariki anapaswa kuifahamu. Dereva teksi mmoja Msomali wa San Diego alitiwa hatiani mwaka 2013, pamoja na wenzake watatu, kwa kupeleka takriban dola 8,500 kwa kundi la al-Shabaab, na viongozi wa NSA waliitumia kesi hiyo mbele ya Bunge kama ushahidi kwamba ukusanyaji wa rekodi zote una faida. Septemba 2020 Mahakama ya Rufani ya upande wa magharibi ilitamka kwamba ukusanyaji huo ulivunja sheria, na kwamba huenda ulivunja pia Katiba, lakini ikaacha hukumu yao isimame kwa kuwa, kwa maoni ya majaji, ushahidi uliotumika mahakamani haukuchafuliwa na kosa hilo. Simtetei aliyefadhili mauaji. Ninachowaomba mkione ni kwamba miaka mingi ilipita kabla mahakama hiyo haijasema kwamba njia iliyotumika ilikuwa haramu, na ilipolisema, washtakiwa hawakupata nafuu yoyote.

Sasa nije kwa mama. Sheria ya mwaka 2008, inayofahamika kwa kifungu chake cha 702, inaruhusu serikali ya Marekani kuzitaka kampuni za mawasiliano zitoe mawasiliano yenyewe, yaani ujumbe na barua pepe, ya mtu asiye raia wala mkaazi wa kudumu wa Marekani aliyeko nje ya nchi hiyo, pale inapoamini kwamba ana taarifa za kijasusi. Jaji hahitajiki kuidhinisha jina la kila mlengwa. Mahakama hupitia taratibu za jumla kwa mwaka. Mwaka 2022 walengwa walikuwa takriban 246,000. Uwezekano wa mkulima wa Kondoa kuwa mmoja wao ni mdogo sana, na sitaki mtu yeyote aache kumpigia mzazi wake kwa hofu, lakini lazima isemwe kwamba usalama wake unatokana na kutotiliwa shaka na mtu yeyote. Sheria haimpi haki ya kudai. Na mlengwa akiwa ni mtu uliyewasiliana naye, maneno yako uliyeko Minnesota huchukuliwa pamoja na yake.

Kuhusu wewe mwenyewe, hadhi yako ndiyo inayopima kinga yako. Ukiwa ndani ya Marekani, kifungu cha 702 hakiruhusu kukulenga, hata kama una viza ya masomo tu. Ukirudi likizo Kondoa, wewe mwenye viza unaweza kulengwa kama mama yako, ilhali jirani yako mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hawezi kulengwa kwa kifungu hicho hata akiwa Dodoma. Aprili 2024 sheria hiyo ilihuishwa kwa miaka 2, na pendekezo la kulazimisha kibali cha jaji kabla ya maofisa kutafuta taarifa za Wamarekani katika hazina hiyo lilianguka kwa kura 212 kwa 212. Sare ni kushindwa katika Baraza la Wawakilishi. Kura moja tu ilihitajika.

Rekodi zenyewe za simu zako bado zipo kwa kampuni, ambazo kanuni huzitaka zitunze kumbukumbu za malipo ya simu za masafa marefu kwa miezi 18. Shirika la upelelezi la FBI linaweza kuziomba kwa barua yake yenyewe, bila jaji, likieleza kwamba zinahusu uchunguzi wa usalama wa taifa. Kumbukumbu za mahali simu ilipokuwa zimepata ulinzi mkubwa zaidi tangu Juni 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua katika kesi ya Carpenter, kwa kura 5 kwa 4, kwamba polisi wapate kwanza hati ya upekuzi.

Kwa vitendo, ushauri wangu ni mfupi. Tuma fedha kwa njia rasmi, andika sababu ya kweli, na utunze stakabadhi pamoja na jina la mpokeaji. Usikubali kutuma fedha za mtu mwingine kwa jina lako, hata kama ni mtu wa kijiji chenu. Ofisa akija kukuhoji, una haki ya kuomba wakili kabla ya kujibu. Usidanganye, kwa kuwa kumdanganya ofisa wa serikali kuu ni kosa linalojitegemea.

Kutoka Ohio

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa maelezo haya. Mimi nina kadi ya ukaazi wa kudumu lakini sipigi kura. Je, ninaweza kumwandikia mbunge wa hapa? Na je, huko nyumbani kwetu hali ikoje, maana tunawadai Wamarekani jambo ambalo sijui kama tumelidai kwetu?

Kutoka Dodoma

Marahaba mwanangu. Unaweza, na nakusihi ufanye hivyo. Ofisi ya mbunge hupokea barua za wakaazi wa jimbo lake, na kura iliyogawanyika nusu kwa nusu inaonyesha kwamba barua chache zinaweza kuwa na uzito. Mwombe aunge mkono hati ya jaji, na umweleze kwamba una wazazi nje ambao hakuna mbunge yeyote wa huko anayewasemea.

Kuhusu kwetu, Ibara ya 16 ya Katiba yetu inatambua hifadhi ya mawasiliano binafsi ya mtu. Hata hivyo, kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyopitishwa hapa Dodoma mwaka 2015, kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri ya kukabidhiwa data kwa ajili ya upelelezi, bila kupitia kwa hakimu. Tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole, zoezi lililoanza mwaka 2019, kila namba ina uso na kitambulisho nyuma yake, na kwa hiyo amri ya namna hiyo ina nguvu kuliko ilivyokuwa ilipotungwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ni hatua njema inayompa mtu haki ya kujua taarifa zake zinavyotumika, ila imeweka misamaha kwa masuala ya usalama na upelelezi.

Inashangaza kwamba Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, inayohusu makosa mazito kuliko haya, inamtaka polisi apate kwanza ridhaa ya Mwanasheria Mkuu na amri ya mahakama kabla ya kunasa mawasiliano. Najua kunasa maneno ni jambo zito kuliko kuchukua rekodi, lakini rekodi za miezi kadhaa humweleza mtu karibu kama maneno yake: daktari anayempigia, mchungaji au shehe wake, na mwandishi wa habari aliyeongea naye usiku. Ninaandaa maoni ya maandishi nikiomba kifungu cha 32 kidai saini ya hakimu, isipokuwa pale maisha ya mtu yamo hatarini, na hata hapo hakimu ajulishwe baadaye. Rasimu nitaituma hapa kabla ya kuiwasilisha Bungeni. Walioko nje ambao wamewahi kuomba kampuni zao za simu ziwaonyeshe rekodi zao, naomba waniandikie jinsi walivyojibiwa na muda waliosubiri, ili niyaweke katika maelezo ya nyongeza.